Kumlipia mzazi chumba cha VIP uwanja wa ndege wa Unguja, wewe ukiwa Mwanza

Mama yangu aliwahi kukaa saa tano kwenye kiti cha chuma uwanja wa ndege wa Unguja, miguu imevimba, na nilikuwa nimemlipia chumba cha VIP. Risiti ninayo kwenye simu, mimi niko Kirumba hapa Mwanza, yeye yuko Kisauni uliko uwanja ule. Chumba kilikuwepo, kiyoyozi kinafanya kazi, chai iko mezani. Ila kilikuwa jengo moja, na ndege yake inaondokea jengo jingine. Mhudumu aliangalia tiketi yake akamwambia kwa upole, "Mama, huku ni safari za nje." Mama akageuka na mkoba wake akarudi alikotoka. Hakunipigia simu mpaka alipofika Dar, kwa sababu hakutaka nijisikie vibaya.

Kazi yangu ni kukata tiketi. Ofisi yangu iko Kirumba, karibu na njia ya kushuka Mwaloni, na wateja wangu ni wauza dagaa, wanunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa vya sangara), wenye maduka pale Makoroboi, na familia zinazopeleka wazazi kuwaona watoto walioolewa au wanaofanya kazi visiwani. Baada ya siku ile nilianza kuuliza kila kitu kabla ya kutoa hela ya mtu, iwe ya mteja au ya kwangu. Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya sasa, na mama ameshapita uwanja ule tena bila taabu.

Unanunua nini hasa

Neno VIP pale uwanjani limebeba mambo matatu. La kwanza ni chumba cha viongozi, cha mawaziri, mabalozi na wageni wa serikali. Hicho kina taratibu zake za itifaki na wewe na mimi hatukinunui, kwa hiyo mtu akikwambia ana njia ya kumwingiza mzee wako humo kwa hela kidogo, achana naye.

La pili ni chumba cha mapumziko cha kulipia. Unalipa kwa kichwa, unakaa kwenye kiti laini, kuna baridi, chakula, vinywaji, intaneti na choo safi kilicho karibu. Kwa kawaida muda wake ni saa tatu kabla ya ndege. Mtu anayedhani atashinda mle tangu asubuhi mpaka jioni kwa malipo ya mara moja atakuja kuombwa aongeze hela, au atoke.

La tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote: kupokelewa na kusindikizwa. Mtumishi mwenye sare anamsubiri abiria wako akiwa na jina lake kwenye kibao, anamvusha kwenye ukaguzi, anasimama naye kaunta ya mizigo, anampitisha uhamiaji kama safari ni ya nje, anamfikisha chumba cha mapumziko kama umekilipia, kisha anarudi kumchukua muda wa kupanda ndege ukifika.

Wengi hulipia chumba na kuiacha hii ya kusindikizwa, na mimi nadhani wamegeuza mambo. Kwenye viwanja vyetu ukaguzi wa kwanza uko mlangoni kabisa, na asiyesafiri haingii ndani. Dada yako anayeishi Mwanakwerekwe atamleta mama kwa gari, atambusu, na safari yake itaishia pale mlangoni. Kuanzia hapo mpaka kwenye kiti cha ndege mzee yuko peke yake, kati ya watalii wenye mabegi makubwa na matangazo asiyoyasikia vizuri. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua mtu wa kumsindikiza. Kiti laini kinafuata baadaye.

Jengo gani, na upande gani wa uhamiaji

Uwanja wenyewe ni Abeid Amani Karume, uko Kisauni, kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe. Kwenye tiketi utauona kwa herufi ZNZ, kama Mwanza inavyoandikwa MWZ. Jengo la Tatu la Abiria, lile jipya, ni la safari za kimataifa. Abiria wa Dar, Arusha na kwingine ndani ya nchi hupita jengo jingine. Hapo ndipo nilipokosea: nilinunua chumba kizuri cha Jengo la Tatu kwa mtu anayerudi Mwanza kupitia Dar. Hata angeruhusiwa kuingia jengo lile asingefika, kwa sababu chumba kiko ng'ambo ya meza za uhamiaji, na abiria wa ndani hagongewi muhuri.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ninamwandikia muuzaji ujumbe wenye maswali yafuatayo, na ninataka majibu ya maandishi, simu haitoshi. Chumba kiko jengo lipi? Ni kabla au baada ya uhamiaji? Abiria wa ndege namba fulani, tarehe fulani, saa fulani, ataruhusiwa kuingia? Swali la mwisho ndilo linalomfanya muuzaji akatazame badala ya kujibu kwa mazoea.

Angalia pia kipande cha kwanza cha tiketi. Mtu anayekwenda Doha au Addis Ababa moja kwa moja kutoka Unguja ni abiria wa nje tangu mlangoni. Lakini kama tiketi inaanza ZNZ kwenda DAR kwa ndege ya ndani, halafu Dar ndiko anakopanda ya nje, basi saa ndefu za kusubiri ziko Dar es Salaam, na chumba kinunuliwe huko. Nimeona watu wakilipia Unguja, ambako mzee anakaa dakika arobaini, wakaacha Dar ambako anakaa saa sita.

Kilicho bure kisinunuliwe

Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wanapoteza fedha. Kiti cha magurudumu hakiuzwi. Ni huduma ya shirika la ndege, na inaombwa wakati wa kukata tiketi au angalau saa 48 kabla ya safari. Anayekisukuma akitaka soda unaweza kumpa kwa hiari yako, lakini hakuna ada.

Wakala wako anatakiwa kuingiza alama sahihi kwenye buking, na alama ziko tatu. WCHR ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi za ndege mwenyewe ila hawezi kutembea mbali. WCHS ni ya asiyeweza ngazi. WCHC ni ya mtu anayehitaji kubebwa mpaka kwenye kiti chake ndani ya ndege. Mawakala wengi huandika ile ya kwanza kwa kila mzee, kisha mzee mwenye magoti mabovu anafikishwa chini ya ngazi na kuambiwa apande. Mweleze wakala mzazi wako anaweza nini na hawezi nini, bila kuona aibu. Waulize pia kama wanaweka MAAS, alama ya kumpokea na kumwongoza abiria asiyehitaji kiti cha magurudumu lakini anahitaji mtu wa kumwonyesha njia. Kwa wazee, mashirika mengi huikubali bila malipo. Mama yangu safari ya pili alipewa hiyo, na ilibeba nusu ya kazi niliyokuwa nataka kuinunua.

Tahadhari moja: ndege ndogo zinazoruka kati ya Dar na Unguja, zile za abiria kumi na wachache, ngazi zake ni nyembamba na zina mwinuko, mlango ni wa kuinama, na mzigo mara nyingi ni kilo 15. Mtu wa WCHC asikatiwe hizo. Mtafutie ndege kubwa, au boti kutoka Dar, karibu saa mbili majini, ambayo nayo ina daraja la VIP. Wazee wetu wa Ukerewe na Kome boti wanaijua kuliko ndege.

Kadi ya benki

Kama una kadi ya daraja la juu ya Visa au Mastercard, au uanachama kama wa Priority Pass, huenda una haki ya kuingia vyumba hivi. Lakini mwenye kadi lazima awepo mwenyewe na tiketi yake ya siku hiyo. Huwezi kukaa Mwanza na kadi mfukoni ukamwingizia mama Unguja. Ukisafiri naye, hela ya mgeni wako hukatwa kwenye kadi yako baadaye, kwa hiyo uliza kiasi kabla hujashangaa mwisho wa mwezi. Na aliyekatiwa daraja la biashara aulize shirika lake kwanza, maana mara nyingi chumba kimo ndani ya tiketi.

Lini kuweka nafasi

Julai na Agosti, na tangu kabla ya Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya, kisiwa kinajaa. Ndege za Ulaya huja na kuondoka zikifuatana, na watu mamia wanafika kaunta kwa saa moja. Vyumba hujaa, na mlangoni wanaanza kuwarudisha wenye kadi, wakiwapa nafasi waliolipia mapema. Miezi hiyo mimi naweka nafasi wiki mbili kabla. Mwezi Mei, wakati wa masika, siku tatu zinatosha.

Wakati wa kuweka nafasi wape jina lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Majina yetu ya Kisukuma yenye ng' huandikwa kila mtu anavyosikia, na mlinzi wa mlangoni hana muda wa kubishana kuhusu apostrofi. Wape namba ya ndege, si saa tu, ili ikichelewa waone wenyewe. Waulize kama ndege ikichelewa, zile saa tatu za kukaa chumbani huongezwa bure au kwa malipo. Waulize pia ukighairi unarudishiwa kiasi gani. Bei hutajwa kwa makumi ya dola kwa kichwa, na kusindikizwa huwa na bei yake peke yake, kwa hiyo jumla uijue kabla ya kutuma. Namba ya simu ya mtumishi wa zamu siku hiyo ni muhimu kuliko risiti. Mimi siachi kuidai.

Kumwandaa mzee

Sehemu hii haiuzwi popote, na ndiyo inayoamua kama hela yako itafanya kazi.

Mama aliporudi uwanja ule safari ya pili, akienda kumwona mjukuu wake nje ya nchi, kila kitu kilikuwa sawa: jengo sawa, mtumishi alimngoja mlangoni, akamwamkia shikamoo, akambebea mkoba, akamkalisha kwenye kiti cha kuegemea. Saa moja baadaye nikampigia simu.

"Umekula, mama?"

"Sijala mwanangu. Chakula cha hoteli hiki, nani atalipa?"

Alikuwa amekaa mbele ya meza imejaa matunda, sambusa na chai, na njaa yake tumboni, akiogopa kuletewa bili. Nilimwambia mtumishi amwekee sahani mwenyewe, na mama akala. Tangu siku hiyo kila mzee anayepita mikononi mwangu ninamwambia mara tatu, mbele ya wanawe: kila kitu mle kimeshalipiwa, kula, kunywa, omba tena. Chakula ni cha kulia humo humo, hakifungwi kwenye mfuko. Na kama ana swali kuhusu nyama, halali au vinginevyo, amuulize mhudumu bila woga.

Mwambie pia kwamba vyumba vingi vya namna hii havitangazi ndege. Kule nje kipaza sauti kinaita. Mle ndani kuna ukimya, na mtu aliyechoka husinzia. Usitegemee mzee ataamka. Mtumishi apewe saa ya kumwamsha, na wewe uweke kengele kwenye simu yako ukiwa Mwanza. Dakika hamsini kabla ya ndege kuondoka mimi napiga. Mlango wa kupandia hufungwa mapema kuliko watu wanavyodhani.

Joto la Unguja si la kwetu. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ziwa linatupulizia upepo jioni. Kule jasho halikauki mwilini. Mzee mwenye presha au sukari avae nguo nyepesi mpaka uwanjani, lakini awe na kitenge au sweta mkononi, maana ndani ya chumba baridi ni kali. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Insulini isiwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege, inaweza kuganda au ikapotea na begi. Ukiuliza mapema watakuwekea kwenye friji mpaka muda wa kuondoka, ila andika kwenye karatasi kwamba ipo humo, vinginevyo itasahaulika.

Zawadi nazo zina utaratibu. Kwa safari ya nje, kitu chochote cha majimaji au laini kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzi kwenye mkoba wa mkononi: asali, achari, mafuta ya karafuu, hata halua inaweza kukataliwa kwa ulaini wake. Viende kwenye begi la kukabidhi. Anayetoka huku na kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) au dagaa wa kukaanga afunge tabaka tatu na aviweke ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu harufu ikitoka kwenye chumba kile kidogo mzee ndiye atakayetazamwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia mfuko wa kitambaa au kikapu.

Mwisho kabisa ni karatasi. Simu huisha chaji, karatasi haiishi. Ninaandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza chini yake kama anakwenda nje: jina kamili, namba ya ndege, saa ya kuondoka, jengo, namba ya buking, alama ya kiti cha magurudumu, ugonjwa alionao na dawa anazotumia, namba yangu, namba ya mtoto aliyeko Unguja, namba ya mtumishi wa zamu. Naikunja naiweka ndani ya pasipoti au kwenye mfuko wa kitambulisho. Mama yangu ya kwake ameihifadhi mpaka leo, iko kwenye Biblia.

Ukimpokea mkwe wa kigeni

Kwa anayeingia nchini, huduma hii humharakisha kwenye foleni lakini haimwondolei chochote anachodaiwa. Viza ya kawaida ya utalii ni dola 50, na kwa Wamarekani dola 100. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa pia kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Avimalize vyote mtandaoni kabla hajapanda ndege, ndipo kusindikizwa kutakuwa na maana. Mtanzania hana viza wala bima hiyo, kwa hiyo usikubali kuuziwa kifurushi cha kuwasili chenye maneno ya "msaada wa viza" kwa ajili ya bibi yako wa Sengerema.

Akirudi kwetu

Watu humpangia mzee Unguja, wakampangia Dar, halafu Mwanza wanaona amefika nyumbani. Hajafika. Kwenye uwanja wetu abiria unashuka kwa ngazi, kisha unatembea kwa miguu mpaka kwenye jengo, na mchana jua la Ilemela halina mchezo. Alama ya kiti cha magurudumu iwe imeingizwa kwenye kila kipande cha tiketi, hadi hiki cha mwisho. Mara nyingi utakuta imewekwa kipande cha kwanza tu.

Na kama kwao ni Ukerewe, usimkatie ndege na meli siku moja. Ndege ikichelewa saa mbili tu, meli ya Nansio imekwenda, na mzee aliyetoka kukaa kwenye kiti cha kuegemea kisiwani analala kwenye benchi bandarini. Safari ile ya pili mama alitua saa kumi na moja jioni. Nilimpokea na bajaji mpaka kwangu, nikamkanda miguu kwa maji ya uvuguvugu, akalala. Asubuhi nikampeleka bandari ya Mwanza Kaskazini, nikamkatia daraja lenye viti, nikampa mfanyakazi wa meli jina lake na ile karatasi, na saa nne baadaye kaka yangu akapiga simu kutoka Nansio kusema ameshuka.